Daktari kaagiza dozi kwa simu, muuguzi kaizuia: nani atajibu?

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya mkoani Tabora. Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya usiku peke yangu wodi ya wazazi. Tulikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba, ameshajifungua, yuko kwenye magnesiamu salfeti, sindano ya kuzuia degedege, ya kila saa 4. Saa nane usiku daktari wa zamu akapiga simu kuulizia wodi, akasema, "Huyo mama endelea naye, dozi isipite." Nilipompima kabla ya kuchoma nikakuta anapumua mara 12 kwa dakika, goti nikiligonga haliruki, na mkojo ni mililita 70 kwa saa 4 zilizopita (aliyeusoma ni mhudumu wa afya, ndiye aliyeniambia). Sikuchoma. Nikampigia daktari tena na tena, hakupokea. Kulipopambazuka mama alikuwa macho na anapumua vizuri. Daktari alipofika alinifokea mbele ya watu kwamba muuguzi hana mamlaka ya kubadili amri yake. Sasa muuguzi mfawidhi anataka maelezo ya maandishi. Je, nimevunja maadili? Leseni yangu iko hatarini? Na kama ningechoma mama akafa, si angejibu yule aliyeagiza?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine. Hapana, asingejibu yeye peke yake. Daktari angejibu kwa kuagiza bila kuuliza hali ya mgonjwa, na wewe ungejibu kwa kuchoma dawa huku umeshaona dalili za kukataza. Leseni ya uuguzi haitolewi kwa wodi wala kwa hospitali. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 anayesajiliwa ni mtu, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linapomwita mtu, linamuuliza alichofanya yeye, kwa ujuzi aliopaswa kuwa nao. "Niliagizwa" ni maelezo ya jinsi jambo lilivyoanza, lakini si kinga.

Sasa tuitazame dozi yenyewe, kwa sababu utetezi wako uko kwenye vipimo vyako.

Magnesiamu salfeti ndiyo dawa ya kwanza kwa kifafa cha mimba, na inaokoa wengi. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu kwa wenye dalili za hatari za shinikizo la damu la mimba. Kwa hiyo kuizuia bila sababu ni kosa, tena kosa zito. Lakini dawa hii hutolewa mwilini na figo. Figo zikilegea, dozi ya gramu 5 inaingia juu ya nyingine ambayo bado haijatoka. Kwanza goti linaacha kuruka, kisha pumzi inapungua, na mwisho moyo unasimama. Ndiyo maana kabla ya kila dozi ya kuendeleza mwongozo unataka mambo matatu yawepo yote: upumuaji usiwe chini ya mara 16 kwa dakika, goti liruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizotangulia, yaani mililita 120. Likikosekana hata moja, dozi inasubiri. Kwa mama wako yalikosekana yote matatu.

Kwa hiyo hukubadili amri ya daktari. Amri ya magnesiamu huja na masharti yake ndani, na anayeyapima masharti hayo ni muuguzi aliye kando ya kitanda. Daktari aliyekuwa kwenye simu hakuwa na goti la mgonjwa mkononi. Ulifanya sawasawa, na ningependa uliandike hilo ukiwa umetulia, bila kuomba radhi kwa kitendo kilichomweka mtu hai.

Hata hivyo, sitakuficha mahali ambapo wenye kuuliza watakubana. Hawatakubana kwenye kuzuia dozi, watakubana kwenye saa zilizofuata.

Kuzuia ni nusu ya kazi. Mgonjwa anayepumua mara 12, goti limelala, anahitaji mtu karibu yake muda wote, oksijeni kama ipo, ambubagi (mfuko wa kumpulizia hewa) na barakoa yake pembeni, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuvunja makali ya magnesiamu, iko tayari: gramu 1, ambayo ni mililita 10 za asilimia 10, ya kuchomwa taratibu kwenye mshipa endapo pumzi itasimama. Mkojo unapimwa upya, na upumuaji unarudiwa kuhesabiwa mara kwa mara kwa dakika nzima, si kwa robo dakika ukazidisha kwa nne. Je, uliyafanya? Swali lako halisemi. Kama uliyafanya, kila kimoja kiingie kwenye maelezo pamoja na saa yake. Kama kuna ambacho hakikufanyika kwa sababu kalsiamu haikuwapo kwenye kabati, au ulikuwa unazalisha kitanda cha pili, liandike hilo hilo lilivyo.

Kisha ni hilo la simu. Kumpigia mtu mmoja asiyepokea, hata mara nyingi, hakumalizi wajibu wa kutoa taarifa. Juu yake kuna msimamizi wa zamu ya usiku, kuna daktari mwingine, kuna mganga mfawidhi, na mlinzi anaweza kutumwa kugonga mlango wa nyumba ya watumishi. Kwa hospitali zetu za Kaliua, Sikonge au Urambo hili ni la uzito wa pekee, maana mgonjwa akizidiwa rufaa ni ya kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Tabora mjini, na safari hiyo haipangwi wakati pumzi imeshakatika. Kumwamsha mkubwa usiku si utovu wa adabu. Wengi wetu tunalelewa kuona aibu kumsumbua daktari, na aibu hiyo imeshagharimu maisha ya akina mama.

Kuhusu mhudumu wa afya aliyesoma mfuko wa mkojo: kumtuma si kosa, ana kazi hiyo na wodi isingekwenda bila yeye. Yeye anawajibika kusoma kwa ukweli. Wewe unawajibika kujua kama amefundishwa kuisoma ile mistari, na kukiangalia mwenyewe kipimo ambacho uamuzi wa dawa unakitegemea. Kupima goti na kuhesabu pumzi za mgonjwa kama huyu usimwachie kabisa.

Sasa maelezo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa uuguzi daftari ni faili la mgonjwa. Toa nakala ya karatasi ya ufuatiliaji ya usiku ule kabla hujaandika lolote, kwa ruhusa ya mfawidhi. Kama kuna jambo ulifanya lakini hukuliandika usiku ule, usilichomeke katikati ya mistari, na usirudishe saa nyuma hata kidogo. Andika chini yake: "Nyongeza, imeandikwa tarehe fulani saa fulani, kuhusu tukio la saa 02:10 ya tarehe fulani," kisha saini na jina kamili. Nyongeza iliyotajwa wazi inaaminika. Iliyojificha inaweza kukuondolea leseni hata pale ambapo tiba yako ilikuwa sahihi kabisa. Na saa ziandike kwa mfumo wa saa 24, maana "saa nane" ya faili inaweza kusomwa kuwa ni ya mchana.

Maelezo yenyewe yawe mafupi. Ningeandika hivi: "Saa 02:00 Daktari wa zamu aliagiza kwa simu dozi iendelee. Saa 02:10, kabla ya kuchoma, nilipima: upumuaji 12, mshtuko wa goti haupo pande zote mbili, mkojo mililita 70 kwa saa 4. Kwa mujibu wa mwongozo nilisitisha dozi. Nilimpigia daktari saa hizi na hizi, hakupokea." Uendelee hivyo hadi kukabidhi zamu. Usiandike kwamba daktari ni mzembe, wala kwamba alikufokea. Malalamiko ya kufokewa mbele ya wagonjwa ni haki yako, ila yaende kwa barua yake peke yake.

Kuhusu leseni, elewa kuwa milango ni mitatu na kila mmoja una ufunguo wake. Mwajiri anashughulika na nidhamu ya kazi. Baraza linashughulika na mwenendo wa kitaaluma, na ndilo lenye uwezo wa kuonya, kusimamisha au kufuta usajili. Mahakama ni ya uzembe uliomdhuru mtu, na Kanuni ya Adhabu inamgusa hata anayetoa dawa kwa uzembe. Maelezo unayotakiwa kutoa yapo kwenye mlango wa kwanza tu, na kuombwa maelezo si kuhukumiwa. Ibara ya 13 ya Katiba inakupa haki ya kusikilizwa kikamilifu. Usikubali kusaini maelezo yaliyoandikwa na mtu mwingine.

Neno moja kwa mfawidhi wako, kama atasoma hapa. Muuguzi mmoja, usiku mzima, wodi ya wazazi yenye mgonjwa wa kifafa cha mimba: huo ni upungufu wa uongozi, na uongozi nao una la kujibu. Wewe mdogo wangu, andika barua kuuelezea upungufu huo, ipokelewe na kugongwa muhuri, ubaki na nakala. Katika barua hiyo omba na utaratibu wa amri za simu: muuguzi anaandika kwenye faili wakati anasikia, anamsomea daktari dawa, kiasi na njia ya kuitoa, anamtajia vipimo vya mgonjwa vya wakati huo, na daktari anasaini akifika. Daktari wako angesomewa "upumuaji 12" saa nane ile, naamini angesema mwenyewe, "Simamisha."

Limebaki la mama. Sijaona popote kwenye barua yako kama kuna aliyemweleza kilichotokea. Kama hajaelezwa, omba daktari na wewe mkae naye, mumwambie kwa lugha anayoielewa, Kinyamwezi kama ndicho anachokimudu, kwamba aliugua kifafa cha mimba na dawa ilimlemea ikabidi isimamishwe. Liandikwe pia kwenye kadi yake ya kliniki, na aambiwe kuwa mimba ijayo aanze kliniki mapema na aionyeshe kadi hiyo siku ya kwanza.