Hisa mpya zikitolewa, bei hushuka kwa nini?

Mkuu, umeuliza kama umeibiwa, maana hisa zako zimeshuka tangu kampuni itangaze kuuza hisa mpya. Hujaibiwa, ila ukikaa kimya utapoteza. Mimi nilikaa kimya.

Nianze na mtumbwi. Hapa Kigoma, mwalo wa Katonga, tulikuwa wanne wenye mtumbwi wa dagaa, thamani yake na vifaa vyote milioni 8, yaani kila mtu milioni 2. Ziwa lilipofunguliwa Agosti 2024 baada ya ile miezi mitatu ya kupumzisha samaki, mashine ikagoma kuwaka na mifukoni hatuna kitu. Akaja wa tano na milioni 1 taslimu, akataka awe sawa na sisi. Tukakubali. Mali ikawa milioni 9 kwa watu watano: 1,800,000 kila mmoja. Laki mbili mbili zetu zimekwenda. Angeleta milioni 2, asingepungukiwa mtu. Kinachouma ni bei anayoingilia mgeni, si wingi wetu.

Soko la Hisa la Dar es Salaam ni hesabu hiyo hiyo. Nilikuwa na hisa 3,000 za kampuni moja, bei sh. 400. Ikatangaza kwamba kila mwenye hisa 5 anaruhusiwa kununua 1 mpya kwa sh. 340. Hisa tano ni 2,000, ongeza 340, gawa kwa 6: 390. Bei ikatua hapo hapo. Aliyenunua hakupoteza, kwani sh. 10 zilizopungua kwenye kila hisa ya zamani zilifidiwa na sh. 50 za ile mpya. Fomu yangu ya kununulia ilibaki chini ya daftari la mauzo mpaka tarehe ikapita, 30,000 ikayeyuka, na sehemu yangu ya umiliki ikapungua. Haki ile ya kununua ningeweza hata kumuuzia mwingine kupitia dalali wa hisa!

Bei ikishuka chini ya hesabu hiyo, hapo soko linasema jambo jingine. Pesa za kuziba madeni huwatia watu hofu. Pesa za mradi wenye faida nzuri huweza kuirudisha bei na kuipita ya zamani. Hisa za bure ni tofauti, haziingizi hata senti, bei inagawanyika tu.

Kwa hiyo fungua waraka wa matarajio, yaani kile kijitabu cha kampuni kinachoeleza mauzo ya hisa mpya, soma ukurasa wa matumizi ya fedha kabla ya kurasa nyingine zote. Tarehe yako ya mwisho ni lini? Kama haijapita, mpigie dalali leo.