Pima utando wako asubuhi na mchana kabla ya kulaumu multimita

Mwezi wa sita hapa Lubumbashi, asubuhi ni baridi ya kuvaa koti na mchana jua linawaka. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifundisha tabia za umeme za tando nyembamba, yaani tabaka jembamba sana lililopakwa juu ya kitu kama kioo.

Nilikuwa na vipande vitatu vya kioo vilivyopakwa utando wa shaba na kaboni. Rafiki alivitengeneza nje ya nchi, ndani ya mashine ya ombwe, yaani iliyotolewa hewa; kazi yangu ilikuwa kupima ukinzani, yaani jinsi utando unavyouzuia umeme. Cha kwanza, chenye shaba nyingi, ukinzani wake ulipanda kadiri chumba kilivyopata joto. Cha tatu, chenye kaboni nyingi, ulishuka. Nikaona multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, imekufa. Nikabadilisha betri, nikaazima nyingine kwa fundi wa redio, wiki mbili zikapotea. Multimita ilikuwa nzima.

Wewe unayeanza kazi hii, lielewe jambo hili kwanza. Shaba haiyeyushi kaboni ila kiasi kidogo mno. Kwa hiyo ndani ya utando shaba hujikusanya kuwa chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kaboni, ndugu wa makaa tunayopikia, huzizunguka. Chembe hizo ni kama mawe tunayopanga njiani mvua ya Januari ikijaza maji: yakigusana unatembea, yakiachana unaruka. Zikigusana kutoka ukingo hadi ukingo, mkondo wa umeme hupita ndani ya shaba yenyewe. Joto hutikisa atomi, elektroni zinazuiwa zaidi, ukinzani unapanda. Shaba safi hupanda kwa takriban 0.39% kwa kila digrii moja karibu na 20°C, na utando wenye chembe ndogo hupanda kwa kiwango cha chini ya hapo. Chembe zikiachana, elektroni hulazimika kuvuka pengo la kaboni, na hapo joto huzisaidia. Ndiyo maana ukinzani wa kipande cha tatu ulishuka.

Basi andika joto la chumba kando ya kila namba, tangu siku ya kwanza. Namba isiyo na joto lake mimi siitumii tena.

Usipime kwa ncha mbili za multimita, kwa sababu ukinzani wa nyaya na wa mahali zinapogusa utaingia kwenye jibu. Tumia sindano nne zilizopangwa kwa mstari, kwa nafasi sawa. Mbili za nje zipitishe mkondo, mbili za ndani zisome volti. Gawa volti kwa mkondo, zidisha kwa 4.53, halafu zidisha kwa unene wa utando kwa mita. Hapo una ukinzani mahususi, yaani ukinzani wa kitu chenyewe bila kujali umbo lake. Hesabu hiyo inafaa pale utando ulipo mpana sana kuliko nafasi kati ya sindano. Kipande kikiwa kidogo, tafuta namba ya kusahihisha hiyo 4.53. Kisha geuza upande wa mkondo, pima tena, uchukue wastani wa ukubwa wa volti hizo mbili, maana joto lisilo sawa kwenye viungo vya nyaya huzalisha volti ndogo za uongo. Mkondo uwe mdogo, usije ukapasha utando moto. Mimi natumia betri, kwa kuwa umeme wa mtaani kwetu hukatika katikati ya kipimo.

Unene usiukisie, uliza aliyeutengeneza. Katika shaba, kwenye joto la kawaida, elektroni husafiri kama nanomita 40 kabla ya kugongwa. Utando mwembamba kuliko hapo hautakupa ile namba ya kitabuni ya shaba, hata ungekuwa shaba tupu.

Kipande cha pili sijakitaja. Kutoka saa moja asubuhi hadi saa saba mchana namba yake karibu haikusogea, nami nikakiweka kando nikidhani hakina habari. Kumbe kiko karibu na mpaka, pale tabia ya shaba na tabia ya kaboni zinapofutana, na ukinzani usioyumba kwa joto ndio watengenezaji wa vikinza, vile vifaa vya kuzuia mkondo, wanaoutafuta. Sasa ndicho ninachokipima kila siku.