Kwa mnaoanza kuandaa mikutano ya usalama wa watoto mtandaoni, hasa huku Mtwara na Lindi

Wadogo zangu mliokabidhiwa kuandaa mkutano wa sera, ule nusu ya watu wako ukumbini nusu wako Zoom, niwape ninayoyajua kabla hamjaanza kukimbizana na mabango na tisheti. Hatari kubwa ya mkutano wa namna hii ni kwamba nyie wenyewe mnaweza kuwaanika watoto mnaosema mnawalinda.

Chukulia binti wa sekondari kasimama kuongea, kavaa sweta lenye nembo ya shule, nyuma yake bango lenye jina la ukumbi na tarehe, kwenye skrini majina yake yote matatu na wilaya anayotoka. Chai haijanywewa picha ishafika kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno "mmoja wa wahanga akitoa ushuhuda". Nishaona hiyo, ofisi siitaji. Mtu yeyote mwenye nia mbaya ashapata sura, jina na shule, na kwa mji kama wetu ambao kila mtu anamjua mwenzie, nyumbani kwao hapo ni kuuliza tu.

Kwahiyo watoto waje na nguo za nyumbani, kwenye Zoom waandike jina moja tu au la kubuni, na picha apige mtu mmoja mliyemteua, wengine wote simu chini watoto wakiongea, hata awe mheshimiwa. Ruhusa ya mzazi ichukuliwe kwa maandishi, lakini na mtoto mwenyewe aulizwe, pembeni, mwalimu wake akiwa hayupo, manake mbele ya mwalimu nani atakataa? Na hii sio hisani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwahiyo huyo kijana wa kidato cha nne mwenye ndevu zake naye yumo.

Upande wa Zoom: linki isibandikwe hadharani, watu wajisajili, wasubirishwe nje mpaka jina lithibitishwe, na chati ya mtu kwa mtu ifungwe kabisa. Hiyo ya chati wengi wanaisahau, na ndio mlango ambao mtu mzima asiyejulikana anaweza kuanza kumsalimia mtoto kwenye mkutano wenu, mbele yenu, na msijue.

Afu kalenda. Watu wa Dar wanawapangia tarehe bila kuijua kusini. Kuanzia Oktoba minada ya korosho imechangamka, gesti zimejaa wanunuzi na bei imepanda, na viongozi wa ushirika mnaowataka hawapatikani. Likizo za Juni na Desemba vijijini ndio jando na unyago, sasa watoto wa Newala au Tandahimba utawapata wapi. Masika nayo, mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga na magari yakalala njiani, na mwezi huohuo nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikasuasua nchi nzima. Yaani barabara hamna na Zoom hamna. Kwahiyo weka laini za kampuni mbili tofauti, jenereta ijazwe mafuta jana yake, na mada za watu wa mbali ziombwe mapema zikiwa zimerekodiwa.

Sauti ndio inaua mikutano hii kuliko intaneti. Maiki ya laptopu ikiachwa mezani, walio mbali wanasikia feni na vijiko vya chai tu. Unganisha mitambo ya ukumbi moja kwa moja na kompyuta, na mtafute mtu ambaye kazi yake ni moja, kuwasemea walio Zoom. Akiona mkono umenyooshwa kule, anasimama huku ukumbini anadai zamu. Bila huyo watu wa mbali wanageuka watazamaji, na baada ya chai wanapotea mmojammoja.

Mgeni rasmi akichelewa (atachelewa), walio Zoom wapewe kitu cha kufanya, msiwaache wanaangalia viti. Na kwenye mwaliko saa tatu asubuhi iandikeni 9:00, saa za Afrika Mashariki, manake mtu wa Geneva yuko nyuma yetu saa moja au mbili kutegemea msimu.

La mwisho msilifanyie mzaha. Mada hizi zinafukua mambo, mtoto anaweza akasimama akasema yaliyomkuta, au akayaandika kwenye chati. Afisa ustawi wa jamii awepo tangu asubuhi, na chumba pembeni, na mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ambaye simu yake inapokelewa. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, ikae kwenye skrini kila mapumziko. Na kabla hamjatawanyika muulizane rekodi ya Zoom iko kwenye kompyuta ya nani, nani ataifuta na lini, iandikwe kwenye muhtasari kwa jina la mtu.