Mwanafunzi Wangu Hajui Kusoma, na Subira Imenishinda

SWALI: Mwalimu, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tatu kufundisha darasa la tatu katika skuli moja ya Pemba, ambako karibu wanafunzi wangu wote ni Waislamu. Nina mtoto wa miaka tisa ambaye hadi leo neno “baba” hulisoma “dada”, na anaponakili kutoka ubaoni huruka mistari mizima. Wiki iliyopita, baada ya kumrudisha kwenye neno hilo hilo mara nne, nilimfokea na kumwita mzito wa kichwa, wenzake wakamcheka. Tangu siku hiyo hainui uso. Kila asubuhi namwomba Mungu anipe subira, na ikifika saa nne imekwisha. Je, upendo wa Kikristo unaonekanaje kwa mtoto ambaye hata kumtajia Kristo siwezi?
Msomaji, Wete

JIBU: Mwalimu mwenzangu, barua yako imenigusa, kwa kuwa hukuficha kosa lako.

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuna kipofu wa Bethsaida ambaye Yesu alimwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu akajibu kwamba anaona watu kama miti inayotembea. Yesu hakumlaumu kwa kupona nusu. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona sawasawa. Mimi hurejea habari hii kila ninapochoka darasani, na kinachonishika zaidi ni lile swali lililotangulia. Wewe umemwomba Mungu subira, na umefanya vyema, lakini katika barua yako sikuona mahali ulipomuuliza mtoto mwenyewe anaona nini.

Basi anza hapo. Mkae wawili kabla ya kengele ya asubuhi, mzibe jicho moja kisha jingine, umsomeshe maneno ya ubaoni akiwa karibu na akiwa mbali. Akibabaika, zungumza na wazazi wake wampeleke hospitali akapimwe macho, na huku nyuma mhamishie dawati la mbele. Macho yakiwa mazima, fahamu kwamba kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa anayeanza kusoma, ila likiendelea hadi miaka tisa, pamoja na kuruka mistari, huenda ni ugumu wa kusoma uitwao disleksia, ambao hauhusiani na uwezo wa akili na wala hautibiki kwa ukali. Mwalimu mkuu wako anaweza kuwasiliana na wahusika wa elimu mjumuisho katika Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali.

Wakati huo huo, tia mchanga wa pwani kwenye sinia, mtoto aiandike b kwa kidole huku akitamka sauti yake, siku baada ya siku, na usimletee d mpaka b imkae. Anaposoma kitabu, mpe kipande cha boksi afunike mistari ya chini. Akikosea neno mara mbili, mtamkie wewe, mwendelee. Kumrudisha mara ya tatu na ya nne mbele ya watu kunamfundisha aibu tu.

Ningependa pia umtembelee mwalimu wake wa chuo cha Kurani, kwa adabu zote, umuulize mtoto huyu yukoje kule. Huenda ukaambiwa kwamba amehifadhi sura kadhaa kwa kusikiliza, na hapo utajua kuwa sikio lake na kumbukumbu yake ni hazina ambayo skuli haijaitumia. Sisemi kwamba chuo ndicho kinachomchanganya, maana wenzake nao husoma huko. Lakini yule mwalimu anamjua mtoto kwa upande ambao wewe hujauona.

Kuhusu kumtaja Kristo, wazazi wake wamekukabidhi mtoto ili umfundishe kusoma, na amana hiyo ni lazima uilinde. Upendo ukigeuzwa chambo, mtoto atajua, na wazazi watajua kabla yake. Mtume Paulo, alipowaeleza Wakorintho upendo ni nini, alianza na kuvumilia, na hakuweka sharti la dini ya anayevumiliwa. Mtoto wako hana deni lolote kwako kwa sababu umempenda.

Limebaki lile neno ulilomwita. Usimwombe radhi faraghani, kwa sababu hukumtukana faraghani. Kesho, darasa likiwa limejaa, mwite kwa jina lake na useme mbele ya wale wale waliomcheka kwamba mwalimu alikosea, kisha muulize kwa mdomo swali ambalo una hakika analijua, na umpe muda wa kulijibu.