Mshahara wa Mwalimu na Nyumba ya Milioni 45

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Mbeya. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali. Mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 900,000, na mke wangu anauza vitenge Mwanjelwa. Huu ni mwaka wa sita tumepanga Soweto. Tumepata nyumba ya vyumba vitatu Isyesye inayouzwa shilingi milioni 45, nasi tunazo milioni 5. Benki imenieleza habari za mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15. Je, nichukue, au nitakuwa najitia kitanzi?

JIBU: Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayofichwa na furaha ya kushika funguo. Mkopo wa milioni 40 kwa masharti hayo hulipwa kwa takriban shilingi 560,000 kila mwezi, na katika rejesho la kwanza shilingi 500,000 ni riba tupu, kwa hiyo deni lenyewe hupungua kwa 60,000 tu. Ukimaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 100.

Hata ukiridhia bei hiyo, mshahara haukuruhusu. Mtumishi wa umma hutakiwa kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wake, ambayo kwako ni shilingi 300,000, na kabla benki haijafika mezani tayari wamekwisha kuketi kodi ya mapato, mfuko wa pensheni wa PSSSF, bima ya afya na, kama ulisoma chuo kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo na asilimia 15 yake. Kipato cha mama wa vitenge kingeweza kusaidia, ila benki huamini miamala iliyopita kwenye akaunti, si fedha ya kwenye kibubu.

Hukusema kama nyumba hiyo ina hati. Ikiwa muuzaji ana karatasi ya mauziano tu, iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, benki haitaipokea kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba, na mjadala wote wa riba unakufa hapo hapo.

Ningekuwa wewe, milioni 5 hizo ningezielekeza kwenye kiwanja kidogo kilichopimwa, hata kama ni mbali kidogo na daladala. Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujafanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kujua jina lililosajiliwa na kama kiwanja kimewekwa rehani. Muuzaji akiwa na mwenzi wa ndoa, ridhaa yake iandikwe. Ukivutiwa na kiwanja kinachotazama barabara kuu ya kwenda Tunduma, pima mwenyewe: hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati, kila upande, na alama ya X nyekundu ya kubomolewa haiulizi ulinunua lini.

Kisha jenga chumba kimoja na choo, mhamie, ile kodi ya Soweto igeuke saruji. Matofali ya kuchoma nunua kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, nawe uende tanuruni mwenyewe: gonga mawili, yakilia kama kengele chukua; yakitoa sauti ya udongo, yaache hata kama ni ya bei ya kutupa, kwa kuwa mvua za Mbeya huyamumunya yakiwa bado kwenye rundo.