Shingo inauma: majibu kwa matabibu wa zahanati na vituo vya afya

Mgonjwa akilalamika shingo, nianzie wapi?

Anza kwa kumpanga kwenye daraja. Jopo la kimataifa lililochapisha ripoti yake mwaka 2008 liliyagawa maumivu ya shingo madaraja manne. La kwanza na la pili hayana dalili za maradhi makubwa. La pili ndilo linalomzuia mtu kazi zake. La tatu lina dalili za neva: mkono dhaifu, ganzi, refleksi (mruko wa misuli ukigonga kano) iliyopungua. La nne ni mfupa uliovunjika, saratani, maambukizi na mfano wake.

Wengi wako kwenye mawili ya kwanza, lakini usimweke mtu huko kabla hujauliza kuhusu homa, kukonda, maumivu yasiyopoa usiku, saratani ya zamani, VVU na kikohozi cha muda mrefu. Kifua kikuu cha pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, huanza hivyohivyo, kama shingo iliyokaza tu. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kope kulegea au kuona vitu viwiliviwili, ni rufaa siku hiyohiyo.

Kijana ameanguka na bodaboda, anatembea mwenyewe. Apigwe picha?

Ndiyo. Kanuni ya Kanada ya mwaka 2001, ya kuamua nani apigwe picha ya shingo, hutumika kwa majeruhi mwenye fahamu kamili na hali tulivu, na huanza na mambo matatu: umri wa miaka 65 au zaidi, ajali ya hatari, ganzi mikononi au miguuni. Likiwepo moja, piga picha. Kuanguka kutoka kimo cha mita moja au ngazi tano, kupiga mbizi na kutua kwa kichwa, gari kupinduka, zote ni ajali za hatari, na aliyerushwa kutoka kwenye bodaboda tunamhesabu humo.

Yakikosekana yote matatu, tafuta ishara moja ya usalama: aliweza kutembea baada ya ajali, maumivu yalikuja baadaye, au hana maumivu ukibonyeza katikati ya pingili. Ukiipata, mwambie ageuze kichwa nyuzi 45 kushoto na kulia. Akiweza, haihitajiki picha. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kumgeuzisha shingo kwanza na kuuliza baadaye. Na eksirei isiyoonyesha pingili ya saba ya shingo inapokutana na ya kwanza ya kifua haijakamilika, irudishe.

Maumivu yanashuka mkononi. Nitajuaje ni neva ipi?

Pima nguvu pande zote mbili, ulinganishe. Akishindwa kuinua mkono kando, fikiria neva ya tano ya shingo. Kukunja kiwiko na ganzi ya dole gumba ni ya sita. Kunyoosha kiwiko na ganzi ya kidole cha kati ni ya saba. Kukunja vidole na ganzi ya kidole kidogo ni ya nane. Kisha inamisha kichwa upande unaouma na ubonyeze juu taratibu: ni chanya maumivu yakishuka mkononi, si yakibaki shingoni. Usifanye hivyo kwa aliyeumia ajalini.

Usimruhusu kuondoka kabla hujaangalia miguu. Atembee kisigino kwa kidole, kila hatua kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Muulize kama vifungo vya shati vimeanza kumshinda. Shika kidole chake cha kati, bonyeza ukucha kuelekea chini, uachie ghafla; dole gumba likijikunja, uti wa mgongo huenda unabanwa. Huyo apewe rufaa haraka, na asikandwe wala kuvutwa shingo.

Kola ya kuvaa shingoni je?

Kwa maumivu ya kawaida, hapana; hukaza shingo na kudhoofisha misuli. Eksirei nayo mara nyingi itaonyesha pingili zilizochakaa, ambazo hata wasioumwa wanazo.

Dawa gani?

Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku. Isipotosha, ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya chakula, kwa siku chache, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mjamzito. Aendelee na kazi nyepesi, na ageuze shingo polepole kila upande mara 10, mara kadhaa kwa siku. Mpangie kurudi baada ya wiki mbili, au mapema mkono ukianza kulegea.