Wasomaji Wanauliza: Bamvua, Plasta Inayobanduka na Karafuu Zinazopauka

Maswali ya safari hii yametoka Unguja na Pemba, na mengi yanahusu mambo tunayoyaona kila siku bila kujua yanavyokwenda. Yaliyofanana tumeyaunganisha. Lililotawala ni la maji kupwa na kujaa, kwa hiyo tunaanza nalo.

Nimeolewa Paje nikitokea mjini. Wenzangu wa mwani hawatazami simu wala karatasi, lakini wanajua saa ya maji kupwa kuliko mimi. Wanahesabuje? Na mwongo aliokuwa akihesabu babu yangu ndio huo huo?
*Msomaji, Paje*

Wanahesabu mwezi, dada yetu. Hesabu yenyewe ni nyepesi ukishika mambo mawili. La kwanza, mwezi mosi na mwezi kumi na tano, yaani siku ya kwanza na ya kumi na tano tangu mwezi kuandama, maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. La pili, kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Tufanye mfano. Leo ni mwezi tano. Tangu mwezi mosi zimepita siku nne, na nne mara dakika 50 ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20. Ukiongeza juu ya saa 10 alasiri unapata maji kujaa saa 1:20 usiku. Kati ya kujaa na kupwa kuna saa sita na dakika kama 12, hivyo mchana wa siku hiyo maji yatakuwa yamepwa kabisa saa 7 na dakika chache. Mwani wa siku hiyo unaendewa baada ya adhuhuri, si asubuhi. Ukifika mwezi kumi na tano unaanza upya kutoka saa 10.

Kosa la kawaida linatoka kwenye mwandamo. Mwezi ukichelewa kuonekana kwa mawingu, tarehe ya msikitini inakuwa nyuma siku moja, na hesabu yako inapotea kwa zile dakika 50. Wenyeji hulisahihisha kwa macho: wakitoka siku ya kwanza wanaona maji yako wapi, halafu wanaendelea na hesabu kutoka hapo.

Saa pekee haitoshi, maana kupwa kuna kupwa. Siku za bamvua, yaani baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu Unguja hufika mita 4 hivi. Siku za maji mafu, mwezi saba au nane na ishirini na mbili au tatu, tofauti ni kama mita moja tu. Ndiyo maana mwani hauendewi kila siku. Vigingi vya mbali vinafunuka wakati wa bamvua peke yake, na kazi yote ya kufunga mbegu kwa taitai (vikamba vyembamba), kupalilia na kuvuna hubanwa ndani ya siku chache za kila bamvua. Mwani unaofungwa bamvua hii huvunwa baada ya wiki sita hivi, yaani bamvua ya tatu kutoka hapo. Bamvua kubwa kupita zote ni za Machi na Aprili, na za Septemba na Oktoba. Wenye nyumba za chini karibu na ufukwe waziangalie hizo, hasa upepo unaposukuma maji kuja nchi kavu.

Mwongo wa babu ni hesabu nyingine. Ule ni wa Nairuzi, mwaka wa jua wenye miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Mabaharia na wakulima waliutumia kujua kaskazi inaingia lini, kusi inatulia lini na mpunga upandwe lini. Hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne, kwa hiyo siku ya mwaka hurudi nyuma kidogo kidogo ikilinganishwa na kalenda ya ukutani. Mwaka Kogwa wa Makunduchi unaangukia Julai kwa hesabu hiyo. Ukitaka kujua upepo, shika mwongo. Ukitaka kujua maji, shika mwezi. Anayechanganya viwili hivyo atafika pwani akute maji kiunoni.

Ni kweli Zanzibar ilipigana vita vya dakika 38? Na mnara wa Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe, uliharibika siku hiyo?
*Mwanafunzi wa skuli ya sekondari, Unguja*

Ni kweli, ingawa wapo wanaohesabu dakika 40 na kidogo. Ilikuwa tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, Seyyid Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, na muda waliompa ulipokwisha saa 3 asubuhi, manowari zao zilipiga mizinga. Takriban watu 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akatoroshwa kwenda Dar es Salaam.

Mnara ulioharibiwa siku hiyo haukuwa huu tulioujua sisi. Ule ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukiwa na saa na taa ya kuongozea vyombo. Jumba lenyewe, lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, lilipona, na katika matengenezo yaliyofuata ndipo mnara mpya wa saa ulipopachikwa usoni mwake. Huo ndio ulioporomoka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Disemba 2020.

Nyumba yetu ya urithi ipo Mji Mkongwe. Tumepiga plasta ya saruji mara mbili na kila mara inabanduka mapande mapande, chumvi inatoka ukutani. Fundi anasema tuongeze saruji. Tufuate?
*Msomaji, Malindi*

Msimfuate. Saruji ndiyo inayowaharibia ukuta.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Ukuta kama huo hunywa maji kutoka chini na kutoka hewani, kisha huyatoa kupitia usoni mwake. Chokaa inapitisha unyevu huo. Saruji inauzuia, hivyo maji yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi inaganda nyuma ya plasta mpaka inaisukuma ianguke. Hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni kwamba unyevu uliofungiwa unazifikia ncha za boriti zilizochomekwa ukutani. Boriti za mikoko huhimili mzigo miaka mingi zikiwa kavu, lakini ncha zikilowa zinaoza na kuita mchwa, na hakuna anayeona kitu mpaka dari ianze kushuka. Vyumba vyenu ni vyembamba, mita tatu hivi, kwa sababu boriti hazirefuki zaidi ya hapo. Uzito wote wa ghorofa umekaa juu ya ncha hizo.

Anzeni na paa na mifereji. Maji yakiwa bado yanaingia kutoka juu, plasta ya aina yoyote ni pesa iliyotupwa. Halafu ombeni kibali kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kugusa ukuta. Mkipata bahati mtapata na ushauri wa fundi anayeijua chokaa.

Saruji ibanduliwe yote, kwa patasi na nyundo nyepesi, si sururu. Ukuta uachwe wazi ukauke, hata miezi, na chumvi inayotokeza ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Msiioshe, maana mtairudisha ndani.

Chokaa ya mawe izimwe kwenye shimo au pipa kwa kutia chokaa ndani ya maji, kidogo kidogo. Anayemwagia maji juu ya chokaa anaweza kurukiwa na uji unaochemka, na chokaa inapofusha. Fundi avae miwani na glavu. Ikishatulia ibaki chini ya maji miezi mitatu ikiwezekana. Ikitumika changa, punje ambazo hazikuzimika huja kufura ndani ya plasta na kuacha vishimo. Ichujwe, kisha sehemu moja ichanganywe na sehemu tatu za mchanga msafi wenye punje kali. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi ile ile mnayoikimbia.

Siku ya kupiga, ukuta uloweshwe kwanza, ama sivyo utafyonza maji ya plasta na plasta itapasuka. Tabaka la kwanza na la pili yawe na unene wa milimita 10 hivi kila moja, na la mwisho milimita 3 hadi 5. Kati ya tabaka na tabaka subirini siku kadhaa hadi ukucha ushindwe kuzama. Funikeni kwa magunia mabichi wiki nzima, hasa upande wa jua. Mafundi wengi hapa ndipo wanapokosa subira: wanapiga sentimita tatu kwa siku moja, plasta inachanika, kisha chokaa inalaumiwa. Mwisho pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya mafuta au ya plastiki itawarudisha mlikotoka.

Kwa nini karafuu ni Pemba na si Unguja? Na kwa nini zangu za msimu uliopita zilipauka na kushushwa daraja, wakati nilizianika jua kali?
*Mkulima, Mkoani*

La kwanza lina jibu la upepo na la udongo. Mikarafuu ilianza Unguja mapema karne ya 19, na Sultani Seyyid Said aliwahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, bei ilipanda, na watu wakapanda zaidi huko. Juu ya hayo, Unguja ina udongo wenye kina upande wa magharibi tu. Mashariki ni uwanda wa mawe. Pemba ina vilima, udongo mzito na mvua zaidi.

La pili: kwa unavyoeleza, karafuu zako ziliharibika kabla hazijaliona jua. Karafuu mbichi ikikaa ndani ya gunia au kwenye chungu usiku mmoja inapata joto na kuchacha. Inatoka nyepesi, imepauka, ina mikunjo, na watu wa kituoni wanaijua mara moja kuwa ni mpeta. Zilizochumwa leo zichambuliwe makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) leo leo, hata kama ni kwa taa. Kama wachambuaji ni wachache, punguza wachumaji.

Chuma tete (vitumba vya karafuu) zilizojaa, zinazoanza kugeuka kutoka kijani kwenda wekundu, kabla ua halijafunguka. Kijani kibichi kitasinyaa. Lililofunguka limeshapoteza kichwa. Vuta tawi kwa ngoe, usilivunje, maana tawi lililovunjika leo ni tete zinazokosekana msimu ujao.

Anika juu ya jamvi au sakafu safi, tabaka jembamba, na uzigeuze mara kadhaa kwa siku. Nailoni inatoa jasho chini. Lami usiifikirie: inatia harufu, mafuta na mchanga, na mnunuzi ananusa kabla ya kupima. Jua likiwa zuri zinakauka kwa siku tatu hadi nne, mawingu yakizidi hata wiki. Anua kabla umande haujaanguka. Ipime kwa vidole: ikikunjika bado, ikikatika kwa mlio tayari. Kilo tatu mbichi zitakupa kama kilo moja kavu. Pungufu sana ya hapo maana yake umechuma changa. Na makonyo usitupe, yananunuliwa kwa ajili ya mafuta kwenye kiwanda cha Wawi.

Unguja tunapata umeme kutoka bara tangu lini?
*Msomaji, Magomeni*

Tangu 1980, kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya hapa hapa Unguja. Mwaka 2008 tulikaa gizani takriban mwezi mzima, na kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarudi kwa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi 2013. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010. Somo walilolipata wengi wakati ule ni la maji: pampu zinategemea umeme, na tangi la juu likiisha hakuna cha kufungulia.

Mkate wangu wa kumimina unavimba vizuri, kisha ukitoka motoni unashuka katikati. Nakosea wapi?
*Msomaji, Wete*

Unauacha uumuke kupita kiasi, au tui lako jepesi. Kwa vikombe viwili vya mchele uliolala majini, tia kikombe kimoja cha tui zito, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki, usage mpaka usisikie punje kwa vidole. Sukari, robo tatu ya kikombe, tia mwisho baada ya kuumuka; ikitangulia kwa wingi inachelewesha hamira. Kwa joto letu dakika 45 mara nyingi zinatosha. Ukiona mapovu yameanza kupasuka na kuzama yenyewe, umeshachelewa: koroga, ngoja dakika kumi tu, umimine. Sufuria iwe imeshapata moto na kupakwa mafuta, unga ulie unapogusa chini. Anza na moto wa chini peke yake mpaka pembeni pashike, ndipo uweke makaa juu ya kifuniko, mengi kuliko ya chini. Choma kijiti katikati kabla ya kuepua. Kikitoka na ute, rudisha, hata kama uso umeshakuwa mwekundu.